Kimstari Kabla ya Herufi

Kila alasiri, akitoka shuleni, binti alipitia dukani kwa shangazi yake, mpiga chapa. Alifagia vipande vya karatasi, akapanga kalamu kwenye kabati la kioo, kisha akapewa kazi ndogo ya kompyuta.

Siku hiyo kazi ilikuwa kijitabu cha mkunga. Mkunga alikuwa amekuja mara nyingi kukaa pale dukani, akisimulia jinsi ya kumtunza mtoto mchanga, na shangazi akichapa moja kwa moja kutoka mdomoni mwake. Kesho yake akina mama wa kliniki wangegawiwa nakala.

"Mistari imekatikakatika," shangazi alisema. "Iunganishe mmoja mmoja, mwanangu, bila pupa. Ngoja nipeleke hizi kadi."

Mmoja mmoja! Nje wenzake walikuwa wakiruka kamba. Binti akakumbuka kisanduku cha kutafuta na kubadilisha. Aliwahi kumwona shangazi akiandika humo alama fulani yenye n, na mistari yote ikaungana kwa mpigo. Basi naye akaandika n, akaagiza ibadilishwe kuwa nafasi, akabonyeza.

Mistari haikuungana. Kila n ilitoweka! "Mtoto anyonye mara kwa mara" ikawa "Mtoto a yo ye mara kwa mara." Kwa hofu akajaribu kurudisha: kila nafasi iwe n. Sasa ikasomeka "Mtotonanyonyenmarankwanmara."

Shangazi akaingia. "Haya! Nini hiki?"

"Ni virusi, shangazi," binti alijibu upesi. "Vimetoka kwenye ile flashi aliyoleta kinyozi jana."

Shangazi hakungoja. Alivuka kibaraza hadi kwa kinyozi, jirani yao, akamfokea mbele ya wateja. Kinyozi akamfuata hadi dukani, kitana mkononi, wateja wawili watatu nyuma yake.

"Dada, tumekuwa majirani tangu nanyoa kwa wembe. Leo mimi ndiye wa kukuletea wadudu?"

"Labda chawa!" alidakia mteja mmoja mlangoni, kichwa kimenyolewa nusu. Watu wakaangua kicheko. Kinyozi hakucheka. Alikuwa akikitazama kitana chake kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

Binti aliinamisha kichwa. Masikio yalimwaka moto.

"Naizima," shangazi alisema, akinyoosha mkono kwenye swichi. "Fundi aje aifute yote."

"Na kazi ya mkunga?" kinyozi aliuliza.

"Ndiyo imekwenda na maji. Sijui nitamtazamaje mama wa watu."

"Usizime, shangazi!" Binti alikuwa ameanza kulia. "Si flashi. Ni mimi. Nilitaka kumaliza haraka nikacheze."

Hata yule wa chawa alitazama pembeni.

"Umeihifadhi ikiwa hivi? Umeifunga?" shangazi aliuliza taratibu.

"Hapana. Niliogopa kugusa tena."

Shangazi akabonyeza vitufe vya kutengua, mara moja, kisha tena. Maneno yakarudi yote, kila n mahali pake.

"Mungu ni mwema," alinong'ona. Kisha akamwonyesha binti kitufe chenye kimstari kinachoegemea nyuma. "Ukiandika n peke yake, mashine inaona herufi tu. Ukitanguliza hiki, inaelewa mwisho wa mstari. Hukujua, na kutojua si dhambi. Ungeniuliza."

"Ndiyo, shangazi."

"Lakini kumpakaza jirani matope, hilo ulilijua. Na fundi angekuja kuifuta mashine, kazi ya mkunga isingerudi tena. Haya, mwombe radhi. Nami pia nina langu la kuomba."

Binti alimwendea kinyozi. Hakuweza kuinua macho zaidi ya vifungo vya koti lake. "Nisamehe, mjomba. Nilikusingizia."

"Nimesikia," kinyozi alisema. Akakitia kitana mfukoni. "Uje useme hivyo kule kwangu. Wateja wengine walionisikia nikifokewa bado wako kule."

Shangazi akamshika binti mkono, wakatoka pamoja. "Twende, mwanangu. Kosa tumelitengua kwa vitufe," alisema, "lakini jina la mtu husafishwa kwa mdomo ule ule uliolichafua, na mbele ya watu wale wale."