Mteja wa Saa Nane

Haya yalimpata mjomba wangu, fundi cherehani, nami nilikuwepo. Ukitaka kucheka, cheka.

Mchana ule ulikuwa wa kawaida. Mimi napiga pasi, yeye anashona. Ugonjwa wa Parkinson ulikuwa umemtetemesha mikono miaka sita, lakini akimeza kidonge cha mchana mikono hutulia, na mshono wake hunyooka kuliko wangu. Saa nane akainua macho.

"Karibu mama, kaa," akakiambia kiti kitupu.

Sikushtuka. Daktari alishatueleza kwamba ugonjwa huo, pamoja na dawa zake, huweza kumwonyesha mgonjwa watu wasiokuwepo. Dawa ikipunguzwa huenda wageni wakaondoka, ila na utulivu wa mikono utakwenda nao. Mjomba alinisihi tuiache ilivyo. Bila mikono, alisema, yeye ni mzigo tu.

Basi nikamfuatisha. Akachukua futi ya kupimia, mimi nikashika daftari, kama kwa mteja yeyote: yeye anataja, mimi naandika. Kifua thelathini na sita. Kiuno ishirini na nane. Nilikuwa nacheka kimoyomoyo. Kisha akaiachia futi, akainama kuokota chaki.

Futi haikuanguka.

Ilibaki hewani, imezunguka kitu nisichokiona. Ikatanuka kidogo. Ikanywea. Ikatanuka tena, taratibu, kama mtu anayevuta pumzi.

"Mjomba," nikanong'ona, "nani huyo?"

"Mteja. Ana haraka. Andika."

Kesho yake nikaanza kumkatia kidonge nusu. Nilimwambia ni agizo la daktari. Uongo mtupu, niliogopa tu.

Baada ya wiki mbili hakuona mtu. Wala hakuweza kushika sindano. Alikaa mikono ikimrukaruka mapajani, nami nikaona aibu kumtazama. Gauni la yule mama, alilokuwa ameanza kulishona, lilining'inia ukutani, limeshikizwa kwa nyuzi tu.

"Bado anakuja?" nikamuuliza.

"Simwoni. Umenifumba macho mimi, mwanangu. Yeye hujamfukuza."

Leo asubuhi nimefungua duka. Funguo ninazo mimi peke yangu. Gauni lilikuwa kitini. Kiunoni limepunguzwa kwa pini saba, zimepangwa sawasawa, na mkono usiotetemeka.

Nimempa mjomba kidonge kizima, nikamwomba radhi. Saa nane inakaribia na mikono yake imetulia. Amelipokea gauni, anatunga uzi.

Sijamwambia kwamba nilipoliokota, kwapani lilikuwa na jasho.