Niliulizwa Kama Ninamjua Mama, Nikasema Hapana

Nina umri wa miaka ishirini na tisa na kazi yangu ni kuimba opera hapa Minneapolis. Mkenya na opera, wapi na wapi? Chekeni tu, nimezoea. Lakini mkisoma nilichomfanyia mama yangu mzazi, sidhani kama mtaendelea kucheka...

Sauti yangu iligunduliwa kanisani, Brooklyn Park, tulikohamia nikiwa na miaka kumi na miwili. Mama alikuwa akiwahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunza, kazi ya kuinua watu hadi mgongo ukakataa kunyooka. Mtu akamwambia kuna mwimbaji mstaafu kutoka Wales anayefundisha nyumbani kwake, Saint Paul. Mama hakujua Wales iko wapi. Alinipeleka tu.

Kila Jumamosi, miaka sita! Iwe theluji, isiwe theluji, alinipeleka. Katika opera hakuna maikrofoni, sauti yako lazima iipite okestra nzima, kwa hiyo mwalimu alinirudisha kwenye "aaa" moja nusu saa hadi nikalia. Mama alikuwa jikoni kwa mwalimu akisinzia kwenye kiti, sare ya kazini bado mwilini.

Sijui aibu iliniingia lini. Labda chuoni, nilipopata marafiki ambao kwao kuna piano sebuleni. Nilianza kumwomba mama anishushe mtaa wa pili. Eti nataka kutembea! Kwenye baridi ya Minnesota!

Nikiwa na miaka ishirini na mitano, kampuni ndogo ya opera ilinipa nafasi yangu ya kwanza ya maana. Niliigiza mjakazi, lakini mjakazi mwenye wimbo wake peke yake. Onyesho lilikuwa Jumapili alasiri. Nilimwambia mama, ila sikumsisitizia, maana nilijua ana zamu. Na niseme ukweli wote, kimoyomoyo nilishukuru. Ndiyo maana sikumweleza kwamba huko watu hukaa kimya hadi wimbo uishe.

Kumbe alibadilishana zamu! Alitoka kanisani moja kwa moja na akina mama wenzake wanne, wote na vitenge vyao vya sare, wakaketi ghorofani.

Nilipoifikia sauti ya juu kabisa ya wimbo wangu... vigelegele! Wote watano kwa pamoja! Nyinyi mnaelewa. Kwetu mtoto akifanya vizuri na mama akanyamaza, watu watauliza kama ni wake kweli. Lakini ukumbi mzima uligeuka kuwatazama. Nilimaliza wimbo bila kutazama ghorofani.

Wakati wa mapumziko msimamizi wa ukumbi alikuja chumba cha kuvalia. Aliniuliza, tena kwa upole, kama wale wanawake ni jamaa zangu, maana kama ni jamaa angewaeleza tu utaratibu na kuwaacha. Waimbaji wenzangu walikuwa pale wakijipaka poda, masikio wazi.

Nikasema siwajui.

Sikusita hata kidogo! Mama yangu na wenzake wakatolewa nje kwenye theluji. Na aliyewatoa aliwaambia, bila nia mbaya, kwamba mwimbaji mwenyewe amekana kuwajua.

Baada ya onyesho mwalimu wangu, aliyekuwa ukumbini, alinijia machozi yakimtoka. Alisema ile sauti ya vigelegele aliitambua, ni ya mama. Alisema kanisani kwao Wales watu waliimba hadi madirisha yakatetemeka, na tangu ahamie Marekani hakuwahi kusikia furaha kama ile ukumbini. Akauliza mama yuko wapi amkumbatie. Nikamwambia amekimbilia kazini. Uongo wa pili, siku moja!

Nyumbani mama alinipakulia chakula. Akasema hongera, umeimba vizuri. Basi. Afadhali angenitukana...

Rafiki yake, Mama Kerubo, mmoja wa wale wanne, hakuweza kunyamaza. Alinipigia simu kesho yake. "Tumeswap shift, tukadrive kwa hiyo snow yote, halafu unasema hutujui? Hata Petro akimkana Yesu alikuwa anaogopa kuuawa. Wewe ulikuwa unaogopa nini?"

Nilikata simu. Hata leo swali lake ninalo.

Miaka mitatu nilishindwa kuomba msamaha. Nilipanda ngazi kwenye opera, nikaalikwa kuimba hadi miji mingine, na kila nilipomwalika mama alikuwa na zamu. Alikuwa na zamu hata siku ambazo najua alikuwa likizo! Mwaka jana nilimpigia magoti jikoni nikilia kama mtoto. Alisema alinisamehe siku ile ile, niinuke, sakafu ina baridi. Nilifurahi mno! Mara moja nikamtafutia kiti safu ya mbele.

Safari hii alikuja. Hakuvaa kitenge, alivaa koti jeusi alilofunga vifungo hadi shingoni. Wimbo wangu ulipoisha watu walisimama, wakapiga makofi, wengine miluzi. Mama hakusimama. Alitazama kushoto, akatazama kulia, mikono ameikunja mapajani.

Garini nilimuuliza kama hakupenda. Akaniambia alipenda sana. Kisha akaniuliza polepole, "Lakini leo nimekaa vizuri, sivyo? Sijakuaibisha?"

Jamani... nilishindwa kuendesha gari.

Wasomaji wenzangu, mkataa kwao ni mtumwa. Nilikuwa nikiisikia methali hii nikidhani inawasema wengine. Nawasihi, hasa nyinyi mlio ughaibuni, mliosomeshwa na wazazi ambao sasa mnaona hawajui kukaa na watu. Siku utakapoulizwa kama yule mama mwenye kelele ni wako, sema ndiyo, na useme haraka kabla hujamtazama aliyekuuliza. Mimi msamaha nimepewa, lakini yule mama aliyenipigia vigelegele bila kuogopa mtu sijampata tena.