Samaki wa Marehemu Basili

Soko la Kiboriloni siku ya Jumamosi huuza kila kitu isipokuwa nafasi ya kusimama. Hosea, Mmachame mwenye ulimi wa kumuuzia koti zito mtu wa Mabogini, kule tambarare kwenye joto, saa saba mchana, alikuwa juu ya marobota yake ya mitumba akinadi alipomwona mwanamke mrefu, gauni la kijani, khanga nyeusi kiunoni, akizinyoosha soksi za nailoni juani moja baada ya nyingine. Alipopata aliyoitaka akaitenga na mwenzake.

"Nachukua ya mguu mmoja," alisema.

Hosea akamwangalia miguu. Ilikuwa miwili, tena imeumbika. "Dada, kama una mzee nyumbani aliyekatwa mguu, hiyo si soksi ya kiume."

"Si ya mzee. Ni ya samaki."

Hosea alicheka mpaka robota la mashati likaporomoka na kumfunika mteja. Mwanamke akamweleza bila kutabasamu kwamba soksi huvalishwa mdomo wa pampu ya tangi, vifaranga wasifyonzwe. Hosea akamwachia bure, kwa sharti la namba ya simu, apate kujua kama imemtosha mvaaji.

Jina lake Mektrida, fundi cherehani wa Kibosho, mjane. Mwezi mzima simu zikawa zinapanda mlima na kushuka.

"Samaki wangu hajambo?" Hosea huuliza.

"Yupi? Mwenye magamba au mwenye simu?"

"Mwenye maringo."

"Basi huyo hajala, anamsubiri Mmachame mmoja mwongo."

Alipokaribishwa Kibosho ndipo alipokutana na Basili. Basili, mumewe Mektrida, alikuwa amekufa miaka mitatu iliyopita, kazikwa nyuma ya nyumba kwenye kihamba, shamba la ukoo, kati ya migomba, kama ilivyo desturi. Enzi zake aliendesha lori, na safari moja alirudi na samaki wa rangi ya samawati kutoka Ziwa Nyasa ndani ya ndoo ya mafuta ya kula. Gari lilipomuua, samaki nao walianza kumfuata mmoja mmoja. Walibaki dume na jike mzee aliyeitwa Bimkubwa. Mektrida aliwatunza kama mtu anayekinga mshumaa kwa kiganja, maana Bimkubwa akifa bila kuacha uzao, mbegu ya Basili imekwisha.

Wakiwa wameketi mbele ya tangi la kioo, pampu ikakohoa. Haikukwama, ilikohoa, kikohozi cha mvuta sigara wa siku nyingi.

"Pole, baba," Mektrida akaitikia, bila kugeuka.

Nywele zikamsimama Hosea. "Si pampu hiyo?"

"Pampu nimebadilisha mara tatu. Kikohozi ni kilekile cha Basili."

Tangu siku hiyo kila Hosea alipomshika mkono alihisi kuna mtu mlangoni, mstaarabu, anayesubiri wamalize mazungumzo yao. Alimpenda Mektrida hivyo hivyo. Ila alikuwa akimpenda kwa sauti ya chini.

Ikatokea msiba wa shangazi huko Holili. Mektrida akamwachia Hosea ufunguo kwa siku tatu. Dume alishwe kidogo, maji yasiguswe, na Bimkubwa asisumbuliwe hata akimwangalia vibaya. Asichomwambia ni kwamba Bimkubwa alikuwa na mayai. Kwa samaki hawa, mama hubeba mayai mdomoni na kuacha kula majuma matatu, mpaka watoto wawe tayari kuogelea. Mektrida alilelewa kuwa mimba haitangazwi, na mimba hii alikuwa ameiombea novena, sala ya siku tisa.

Siku ya pili mchana ukungu ulishuka mlimani ukaingia hadi dirishani. Hosea akamkuta Bimkubwa kajikunyata pembeni, mashavu yamevimba, anatafuna asimeze. Chakula kilimpita puani asikitazame. Pampu ikakohoa, mara moja, mara mbili, kwa hasira, kama mtu anayeita.

Hosea alikulia kwenye banda la ng'ombe. Akiwa na miaka kumi na mbili alizamisha mkono kooni mwa ng'ombe aliyekabwa na kokwa ya parachichi, akaitoa kabla baba yake hajafunga mkanda. Akajua la kufanya. Akamkamata Bimkubwa kwa kichujio cha chai, akamfungua mdomo kwa njiti ya kiberiti.

Wakamwagika watoto ishirini na zaidi, kila mmoja na kiini cha njano tumboni, hawajui hata kuogelea. Dume akawavamia kama mtoto aliyeona karanga. Kwa kikombe Hosea aliwahi kuokoa saba.

Akapiga simu Holili. "Mektrida, samaki wako ametapika watoto."

"Umemfungua mdomo?"

"Alikuwa anakabwa, mpenzi."

"Alikuwa anawalea."

Alirudi jioni ileile. Wale saba akawatia kwenye jagi la kioo lenye mapovu, wawe wanaviringishwa kama mdomoni mwa mama yao. Bimkubwa alikufa kesho yake. Mektrida hakupaza sauti. Alinyoosha mkono, akapokea ufunguo.

"Basili alikufa mbali," alisema. "Aliyemuua sikumwona. Safari hii nimemwona."

Hosea akapiga simu, zikaita mpaka zikachoka. Pale Kiboriloni ulimi ukamkauka, mteja akisema bei yeye anakubali. Jumapili ya tatu akavaa koti lake la ibada, akachuma jani la isale, akalifunga fundo, akapanda Kibosho. Mchagga akiletewa isale hafungi mlango. Hata mwenye damu mkononi husikilizwa.

Mektrida alilitazama jani, hakulipokea.

"Sikukosewa mimi peke yangu. Nami nilikuficha habari ya mayai. Mpelekee mwenye samaki."

Hosea akapita kwenye migomba mpaka penye msalaba. Akaliweka jani chini, akavua kofia.

"Kaka Basili, ni mimi Hosea. Niliwaua wanao nikidhani namwokoa mama yao. Ulipokohoa nilifikiri unaniambia fanya. Pengine ulikuwa unaniambia acha. Sikuwahi kukusikia ukiwa hai, ningejuaje? Mkeo nampenda. Sikuja kukufuta. Ukikataa, nitashuka na sitapanda tena."

Akasubiri mpaka ukungu ukamlowesha koti.

Mektrida alikuwa mlangoni, jagi mikononi. Wale saba walikwishamaliza viini vyao, wanakata maji wenyewe.

"Kasemaje?"

"Hakusema kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mektrida akageukia chumbani, akatega sikio. Pampu ilikuwa ikinguruma sawasawa, kama pampu yoyote iliyonunuliwa mjini. Akasikiliza kwa muda mrefu.

"Basili akikataa jambo hanyamazi," alisema polepole. Kisha uso ukamvunjika. Miaka mitatu hakuwa amemlilia. Utamliliaje mtu aliye chumba cha pili anakohoa?

Hosea akanyoosha mkono.

"Usinishike," akamwambia kwa upole. "Hiki ni kilio chake. Nipe siku nne za matanga. Ya tano walete wazee wako."

Hosea akapokea jagi kutoka mikononi mwake, akaketi kizingitini mgongo ukiwa nje, akawatazama wale saba wakati mwenye nyumba akilia.