Kidonge Kilichotangulia Chakula

Kila alfajiri, chai ikiwa bado jikoni, seremala alifungua kisanduku cha dawa. Alikitengeneza kwa mkono wake. Kilikuwa na droo saba, moja kwa kila siku. Mkewe alimeza vidonge vyote kwa mpigo, tumbo likiwa tupu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee wangu. Hata gerezani hawakagui hivi."

Figo za mkewe zilikuwa zimechoka. Mara tatu kwa wiki alikwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Hilo walishalizoea. Kilichowashinda ni muwasho. Alijikuna mikono, mgongo na miguu mpaka ngozi ikachubuka. Mwisho alichukua mto wake, akahamia sebuleni.

"Nakunyima usingizi bure," alisema.

Seremala hakubisha. Lakini baada ya miaka thelathini na mmoja, kitanda kilikuwa kikubwa mno kwa mtu mmoja. Alimkumbuka mkewe kama aliyesafiri, na kumbe yuko chumba cha pili tu.

Siku ya kliniki, muuguzi alisoma majibu ya damu, akaguna.

"Mama, fosfeti imepanda tena. Inachangia muwasho huo. Ikikaa juu muda mrefu, huharibu mifupa na mishipa ya damu. Vile vidonge vikubwa vyeupe unavimeza?"

"Kila siku!" seremala alidakia. "Vyote vitatu, kabla hajatia kitu mdomoni. Dawa isigombane na chakula."

"Baba, hii ndiyo dawa tunayotaka igombane na chakula."

Muuguzi akavuta kiti.

"Unafanya kazi gani, baba?"

"Natengeneza milango."

"Basi utanielewa upesi. Fosfeti ni madini yaliyomo kwenye chakula: nyama, maziwa, maharage, hata soda nyeusi. Ikifika kwenye utumbo hukuta ukuta uliojengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Kila seli imefunikwa na utando, na utando una vilango. Fosfeti haipiti hapo peke yake. Husindikizwa na sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi. Ikishaingia, hutokea upande wa pili na kwenda kwenye damu. Nyingine hupenya katikati ya seli na seli."

"Kwenye nyufa," alisema mkewe. "Fundi wa ukuta huo ni kama wangu, milango yake haikosi nyufa."

Wote wakacheka, seremala naye akacheka kidogo.

"Figo zenye afya hutoa fosfeti ya ziada kwenye mkojo," muuguzi aliendelea. "Za mama haziwezi, na mashine haiimalizi. Kwa hiyo tunaikamata kabla haijavuka. Kidonge huishika humo humo tumboni, ishindwe kupita, itoke na choo. Lakini lazima vikutane. Ukimeza alfajiri, kidonge hakikuti kitu. Chakula kikifika, kidonge kimeshapita."

"Kumbe mimi ndiye ninayemfanya ajikune?" seremala aliuliza.

Mkewe alimshika mkono. "Ulinitengenezea droo saba. Nani mwingine angefanya hivyo?"

"Na sisi tuna kosa," alisema muuguzi. "Tuliandika 'kimoja mara tatu', hatukueleza. Kimoja kwa kila mlo, wakati anakula. Dawa nyingine ziendelee kama zilivyoandikwa. Na soda nyeusi, mama, tuagane nayo."

"Haya, kwaheri yake," alisema mama kwa huzuni ya kweli.

Jioni ile seremala alitengeneza kijisanduku kingine cha vile vidonge vyeupe, kidogo, chenye kifuniko. Hakukipeleka chumbani. Alikiweka mezani, karibu na jagi la maji. Mkewe alipotia tonge la kwanza mdomoni, seremala alikigonga kwa kidole. Kila mkewe aliposahau, iwe asubuhi, mchana au jioni, kidole kiligonga.

"Nimesikia, bwana milango!"

Wiki sita baadaye, majibu yalionyesha fosfeti imeshuka. Muwasho haukuisha kabisa, ila ulipungua sana, na vidonda vya mikononi vikakauka.

Siku hiyo hiyo, baada ya kula, seremala alikuwa amekaa kitandani akivua viatu. Mlango ukafunguliwa. Mkewe alisimama pale, amekumbatia mto wake.

"Sogea."

Seremala alisogea. Machozi yalimlenga, akageuka haraka ukutani.

"Mgongo unaniwasha," alisema.

"Muongo wewe," alisema mkewe, akaketi, akaanza kumkuna taratibu.