Mkanda wa Chumba cha Chini

Haya yalimkuta rafiki yangu mmoja, fundi wa kompyuta hospitalini.

Asubuhi hiyo kaka yake alikuwa anasubiri kupasuliwa. Miaka ya nyuma dawa moja ya usingizi nusura imuue, lakini ni ipi, hakuna aliyekumbuka. Jibu lilikuwa kwenye mkanda wa kompyuta ya zamani uliohifadhi rekodi za wagonjwa, katika chumba cha chini kisicho na dirisha. Ilibidi rafiki yangu aunakili na kuzigeuza rekodi hizo ili zisomeke kwenye mashine mpya za ghorofa ya juu. Kila akianza, mkanda unakwama.

Daktari akapiga simu. "Dada, tunasubiri. Hali yake inazidi kuwa mbaya."

"Nipe kidogo tu, daktari, nakuomba!"

Hapo hapo umeme wa chumba kile ukakatika. Giza totoro. Akapapasa, akachomoa waya wa mashine, akauchomeka tena. Wapi! Akauchomoa, akaketi sakafuni nao mkononi, akalia kama mtoto.

"Jamani, nisaidieni."

Mkanda ukaanza kuzunguka. Krr, krr, krr, taratibu, bila kukwama hata mara moja. Kisha ukanyamaza, na simu ikalia.

"Asante dada, rekodi imefika. Tunaanza."

"Nani kaituma?"

"Kwani si wewe?"

Kaka yake alipona. Lakini pale gizani, simu ikiwa bado sikioni, rafiki yangu alinyoosha mkono kwenye kibodi ya mashine ile, akahisi vitufe vikibonyea vyenyewe chini ya vidole vyake, kimoja kimoja, bila haraka.