Siku Kithinji Alipookota Jiwe

Ng'ombe wa Kithinji na mkewe Kendi aliibwa Jumanne, mchana kweupe, wao wakiwa shambani wakipalilia maharagwe. Tangu siku hiyo hakuna aliyetulia pale kijijini Ruiri. Mbwa akibweka tu, Kendi aliacha sufuria mekoni akakimbilia nje. Kithinji naye alishindwa kula.

Jumamosi saa sita mchana walisikia kelele barabarani.

"Mwizi! Mwizi!"

Walikimbia. Watu walikuwa wamemzunguka mwanamume mgeni. Alikuwa ameshika kamba mkononi. Damu ilimtoka puani.

"Hiyo kamba ni ya kufunga ng'ombe wa nani?" mtu alipaza sauti.

Kithinji aliokota jiwe.

Veronicah, fundi wa nguo aliyejitolea kuongoza kikundi cha Nyumba Kumi, cha majirani wanaolinda usalama, alipenya katikati ya watu. Akasimama mbele ya yule mgeni.

"Baba Mwenda, weka jiwe chini," alimwambia Kithinji, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Ng'ombe wangu yuko wapi?" Kithinji aliuliza.

"Mimi sijui. Na wewe hujui. Kama ni mwizi, polisi watamhoji. Akifa, atatuambia nini? Halafu utafungwa wewe. Mama Mwenda, pigia kituo simu. Namba ni hii."

Vidole vya Kendi vilikosea namba mara mbili. Mara ya tatu ikaingia.

"Tuko Ruiri, karibu na posho mill, kinu cha kusaga unga. Watu wanataka kuua mtu. Tafadhali, njooni haraka!"

"Tumeanza safari. Msimguse," polisi alijibu.

Walingoja. Watu walizidi kuja. Kendi aliona jiwe bado liko mkononi mwa mumewe. Akaenda akasimama kando ya Veronicah, mbele ya mgeni. Kithinji akilirusha sasa, litampata mkewe.

Mkono wa Kithinji ulishuka polepole.

Polisi walifika. Mgeni alisema anaitwa Mbaabu, anatoka Kibirichia, na fahali wake alikuwa amepotea tangu asubuhi. Afisa alimpigia naibu wa chifu wa kwao. Ilikuwa kweli.

"Ningeua mtu bure," Kithinji alisema. Aliketi chini pale pale.

Wiki iliyofuata, yeye na Kendi walijiunga na kikundi.

"Kazi yetu si kupiga mtu," Veronicah aliwaeleza. "Tunaangalia, tunaandika, tunaripoti. Gari ni la rangi gani? Namba ni gani? Limeelekea wapi? Usilifukuze. Na usiripoti mtu eti kwa sababu humjui."

Miezi miwili baadaye, Kithinji aliona wanaume wawili wakipakia mbuzi wa jirani yake Mugambi kwenye pikapu. Hakupiga kelele. Alimpigia Mugambi, aliyekuwa matangani.

"Umeuza mbuzi?"

"Sijauza hata mmoja!"

Kithinji aliandika namba ya gari, akapigia polisi. Pikapu ilisimamishwa kabla ya kufika sokoni. Mbuzi wote saba walirudi nyumbani.

Na wale wezi waliingia mahakamani wakitembea kwa miguu yao wenyewe.