Mume Niliyemwazima kwa Siku ya Kliniki

Nina miaka ishirini na minne, mama wa mtoto mmoja wa kiume. Nimesoma hadi kidato cha pili tu, kwa hiyo mnivumilie uandishi wangu. Wanaonijua hapa Kariakoo wananijua kwa kucheka, na hata leo bado nacheka. Lakini haya ninayoandika sijawahi kuyasimulia nikicheka...

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa nafanya kazi saluni kwa Mama Manka, Mchaga mmoja mwenye maneno machache na moyo mkubwa. Saluni yake iko juu ya maduka ya vitenge. Mwaka huo aliagiza mashine ya leza, ile ya kupunguza makovu, madoa na mikunjo ya uso, akaleta na mwalimu wa kutufundisha wiki mbili.

Jamani, nilivyoipenda ile mashine! Nikivaa miwani yake ya giza najiona daktari kabisa. Wakati hakuna mteja nilikuwa nasoma kwenye simu habari za utafiti wa ngozi: kwa nini jua linazeesha uso, kwa nini mvuta sigara anakunjamana mapema. Nusu ya maneno siyaelewi, lakini nasoma tu! Niliota siku moja niwe na kliniki yangu ya ngozi pale Posta, yenye kiyoyozi na wateja wamekaa foleni wakisubiri jina langu.

Mwalimu alituachia fomu ya maswali. Kabla ya kumpiga mteja leza, umuulize kama ana kisukari, kama aliwahi kuugua mkanda wa jeshi, anatumia dawa gani. Lakini Mama Manka alituambia wateja wa Kariakoo hawapendi kuhojiwa kama wako polisi. Basi tukawa tunajaza "hapana" kutoka juu mpaka chini bila kuuliza mtu.

Hivyo ndivyo nilivyomjazia Selemani.

Alikuwa na duka la jumla la mapazia mtaa wa pili. Miaka arobaini na moja, ananukia vizuri, ana heshima. Alitaka nimpunguzie mikunjo chini ya macho. Nikamtania, nikamuuliza bosi anajipamba hivyo anataka kuoa?

"Nikimpata wa kunicheka hivyo, naoa kesho," akasema.

Siku ya tatu alivua shati. Ubavuni alikuwa na kovu jeusi, pana kama mkanda, limetokea mgongoni likaja mpaka kifuani, upande mmoja tu. Akasema utotoni alimwagikiwa na mafuta ya chipsi, akaomba nimpunguzie na hilo. Nikaamini. Nililipiga leza mara sita, likafifia mpaka nikajisifu kwa wenzangu!

Tukaoana. Shekhe alitufungisha ndoa nyumbani kwao, mbele ya mama yake, Bi Mwanahawa.

Kofi la kwanza lilikuja mwezi wa pili wa ndoa, kwa sababu nilicheka na mteja dukani kwake. La pili hata sababu siikumbuki. Baadaye makofi yakawa ngumi, ngumi zikawa mateke. Saluni nilikuwa najipaka poda nzito na kusema nimejigonga kwenye kabati. Mama Manka alikuwa ananitazama, kisha anarudi kwa wateja wake. Na mimi kazi yangu ilikuwa kuangalia ngozi za watu! Nani angeniamini?

Nikapata mimba. Nilifurahi sana, nikidhani mtoto atamtuliza.

Kliniki waliniambia nije na baba wa mtoto, tupimwe wote virusi vya Ukimwi. Nilipomwambia Sele, alinikaba koo ukutani. Alisema mwanamume hapimwi na manesi, na nikirudia hayo maneno mimba itatoka na mimi nitoke nayo. Kliniki wangenipokea hata peke yangu kwa barua ya serikali ya mtaa, lakini mwenyekiti wetu alikuwa rafiki yake Sele, wanakunywa kahawa pamoja kila siku. Ningeanzaje kumwambia?

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo wanawake wengi wa mjini wanalifanya wakicheka. Nikaazima mume.

Karibu na viwanja vya Mnazi Mmoja kuna kijiwe cha bodaboda, na hapo alikuwepo Chidi, aliyekuwa ananipeleka kazini tangu sijaolewa. Ana mke wake, Mama Nasra, na binti mmoja. Alikuwa kama kaka kwangu. Nikamwomba aje akae kama mume wangu saa moja tu, nitamnunulia chipsi kuku.

"Kwa chipsi kuku navaa mpaka suti," akasema. "Ila nesi akiniuliza jina la mama mkwe, nimwambie nani?"

Tulicheka njia nzima... Mungu wangu, tulicheka!

Kule kliniki Chidi aliigiza vizuri kuliko waume wa kweli. Ananishikia mkoba, ananiita mke wangu, anagombana na kinamama walioruka foleni. Tukatolewa damu. Tukaitwa ndani pamoja.

Yeye hakuwa na virusi. Mimi ninavyo.

Nesi, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alisema nikimeza dawa kila siku bila kuacha, mtoto anaweza kuzaliwa salama. Akaandika kwenye kadi majibu yangu, na chini yake majibu ya mume: hana. Kisha akaniuliza kama mimi au mtu wa karibu aliwahi kuugua mkanda wa jeshi. Akaeleza unavyotoka, malengelenge upande mmoja wa mwili, kuanzia mgongoni. Akasema si kila anayeugua ana virusi, lakini anayeugua ni vizuri apimwe.

Nikauona ule ubavu. Nikaiona mikono yangu mwenyewe ikilifuta lile kovu, na fomu yangu imejaa hapana!

Tulipotoka nje Chidi alikuwa analia. Akanishika bega.

"Tatu, mdogo wangu, rudi ndani umwambie nesi ukweli. Mimi nitasimama na wewe. Mtu aliyekupa hili hayumo kwenye hiyo kadi."

Nikakataa. Niliona aibu. Nikamwambia twende.

Laiti ningerudi ndani, ni milango miwili tu...

Miezi mitatu nilimeza dawa kwa siri. Kopo nililificha ndani ya unga wa lishe, kadi chini ya godoro. Kila nikimeza namwambia mtoto, haya, babu, na yako hiyo. Sele hakujua.

Ijumaa moja saa sita mchana nilirudi kuchukua miwani ya kazi, nikamkuta amekaa kitandani na kadi mkononi. Kopo lilikuwa wazi sakafuni, unga umemwagika kila mahali. Hakupiga kelele. Alisoma kwa sauti, polepole, mpaka akafika kwenye majibu ya mume.

"Mume hana," akasema. "Mimi sijapimwa. Sasa huyu mume ni nani?"

Alichomoa bomba la pazia dirishani, lile la chuma. Pigo la kwanza lilivunja mkono wangu, maana nilikinga tumbo. La pili lilinipata mdomoni. Nikasikia meno kwenye ulimi kama kokoto. Akanivuta nywele mpaka chooni, akamwaga dawa zote nikiangalia, akavuta maji. Kuziona zile dawa za mwanangu zikizunguka na kuzama kuliniuma kuliko bomba!

Akaniuliza tena jina. Nikalitaja!

Wasomaji, hapa ndipo penye dhambi yangu. Nilimwambia ni Chidi wa kijiwe cha Mnazi Mmoja, amuulize, atamwambia nilimwomba tu. Nilidhani akisikia ukweli atatulia. Mtu amenivunja mkono, na mimi bado namdhania atasikiliza!

Alitoka na bomba lake, akawachukua wabeba mizigo wawili wa dukani. Nilimfuata nikiyumba, damu kifuani, watu wananipisha njia. Nilipofika, wenzake wote wa kijiwe walikuwa wameondoka na abiria, Chidi amekaa peke yake juu ya pikipiki yake anakula muhogo. Sele hakumuuliza swali lolote. Alinyoosha kidole, akasema neno moja ambalo Kariakoo halihitaji ushahidi.

"Mwizi."

Mnajua kinachofuata. Walitoka watu wasiomjua Chidi wala Sele, wenye mawe, wenye mbao, wenye mikanda. Ilikuwa mchana kweupe! Alikuwa anasema ana mtoto, na kila akisema wanampiga mdomoni. Mmoja aliinua tofali la barabarani kwa mikono miwili, akaliachia juu ya mguu wake. Ule mlio... mpaka leo nikisikia mtu anavunja kuni naziba masikio.

Nikamlalia. Sikufikiri. Teke moja likanipata ubavuni, jingine mgongoni. Kilichotuokoa ni mama lishe wa pale, alikuja na mwiko wa moto akiwachapa nao watu, anawaambia huyo ni mteja wake wa kila siku, na huyu mjamzito amewaibia nini? Wakaanza kurudi nyuma, mmoja mmoja, wakijifuta mikono kama watu waliotoka kula.

Mwanangu alizaliwa siku ile ile, kabla ya miezi yake kutimia. Mguu wa Chidi ulikatwa chini ya goti.

Pale wodini ndipo nilipofungua mdomo wangu wenye mapengo. Nilimweleza daktari kila kitu, nikamweleza na polisi. Daktari akanirudishia dawa siku hiyo hiyo, mtoto akaanzishiwa ya maji. Sele alikamatwa, baadaye akafungwa.

Siku ya tatu alikuja Bi Mwanahawa na chupa ya uji. Nikamsalimia shikamoo, hakuitikia marahaba. Akainama akamwangalia mjukuu wake.

"Nilijua," akasema. "Alipougua ule mkanda mimi ndiye niliyemuuguza. Alipimwa, akapewa dawa, akaziacha. Nilinyamaza nikisema akioa atabadilika."

Nikaipokea ile chupa ya uji. Ningemlaumu vipi? Yeye alinyamaza, na mimi nilinyamaza.

Mwanangu alipimwa mara ya kwanza, akapimwa tena, na mwezi uliopita alipimwa mara ya mwisho baada ya kuacha kunyonya. Hana! Nililia pale kwenye benchi mpaka kinamama wengine wakadhani nimepewa habari mbaya. Na mimi namshukuru Mungu, nameza dawa zangu, nina nguvu zangu, na bado naota kliniki yangu ya ngozi.

Siku ile ile ya majibu nilimbeba mgongoni, nikaenda kwa Chidi. Mama Nasra ndiye aliyefungua mlango. Nilipiga magoti nikamwambia mumewe hakuwahi kunigusa, alinisaidia tu, na mimi ndiye niliyetaja jina lake.

"Ameshaniambia, na nimemwamini," akasema. "Wewe sijakusamehe. Ingia, mtoto asipigwe na jua."

Chidi alikuwa anafunga mifuko ya barafu kwa ajili ya kuuza. Gongo lake limeegemea ukutani. Aliniuliza mtoto vipi. Nikamwambia hana. Akainamisha kichwa akacheka kidogo, kisha akaendelea kufunga.

Dada zangu mnaokwenda kliniki, nawasihi, msiazime mume! Wasichana mnaoangalia miili ya watu saluni, ulizeni yale maswali. Na kama baba wa mtoto hataki kupimwa, au anakupiga, usimtafutie mtu wa kukaa kwenye kiti chake. Kaa pale peke yako, mtazame nesi usoni, umwambie, "Amekataa kuja."

Ni maneno mawili tu. Mimi yalinishinda, na aliyeyalipia ni Chidi.